Mtoto ameamka mgonjwa: aende gardienne ao abaki nyumbani?



Ni saa kumi na moja ya asubuhi, huko Panda, Kikula ao Shituru. Baba anafunga viatu vya kazi, kwa maana posti ya asubuhi haimngojei mtu. Mama anapasha maji. Mtoto wa miaka mine, ambaye kila siku anaamka mbele ya watu wote, leo amelala tu na hataki kuondoka kitandani. Mama anamgusa paji la uso: ni moto. Pua inatoka kamasi. Baba anasema: "Mpe dawa ya homa, aende tu. Atachangamka akiona wenzake." Mama hajui ajibu nini. Leo ni siku yake ya soko, na nkambo ambaye angebaki na mtoto amekwenda kwenye kilio Kambove.

Wazazi wengi wanaijua asubuhi ya namna hii. Wakati ni mfupi, kila mtu ana haraka, na tunachagua kwa kubahatisha. Siku moja tunamfunga nyumbani mtoto mwenye kamasi kidogo tu. Siku ingine tunampeleka gardienne mtoto ambaye angepaswa kuwa mbele ya munganga. Ukurasa wetu wa leo unataka kuwapa njia nyepesi ya kuchagua vizuri, bila woga na bila uzembe.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Katika chumba kimoja cha gardienne, watoto wengi wanakaa pamoja toka asubuhi hata saa sita. Wanakaa kwenye mkeka mmoja, wanashika michezo ileile, wanatia vidole mdomoni, wanakunywa kwa kikombe kimoja kama hakuna mtu wa kuwaangalia. Madamu wa gardienne ni mmoja, pengine wawili. Ugonjwa ukiingia Jumatatu kwa mtoto mmoja, unaweza kufika katika nyumba kumi mbele ya mwezi kwisha. Na ndani ya nyumba hizo kuna watoto wachanga ambao hawajapata chanjo zao.

Fikiri neno lingine. Wewe una karta ya kampuni. Mtoto wako akiugua, mlango wa hospitali uko wazi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inamwekea mwajiri mzigo wa matunzo ya ugonjwa ya mfanyakazi pamoja na jamaa yake. Lakini kwenye mkeka uleule wa gardienne kuna mtoto ambaye baba yake hana karta hiyo. Tangu mwaka 2003, wakati wafanyakazi wa Gécamines kwa maelfu walipoacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari, jamaa nyingi za Likasi zinalipa munganga na dawa kwa feza zao wenyewe. Ugonjwa ambao kwako utachukua siku tatu, kwa jirani unaweza kungoja hata feza zipatikane, na kungoja huko kunaua mtoto.

Kazini hatungoji jiwe lianguke ndipo tuvae kofia. Kwa mtoto ni vilevile.

MASWALI MATATU YA ASUBUHI

Mbele ya kumvika mtoto nguo, jiulizeni maswali haya matatu:

1. Je, mtoto anacheza, anakula na kunywa namna yake ya siku zote, ao karibu vile?

2. Je, Madamu ataweza kumtunza bila kuwaacha watoto wengine?

3. Je, ugonjwa wake unaweza kuwapata wengine kwa upesi na kuwatia katika hatari?

Kama mtoto anacheza na kula, kama hahitaji mtu wa kumshika kila wakati, na kama hana ugonjwa wa kuambukiza wa hatari, aende. Kama jibu la swali moja tu ni baya, abaki. Sasa tuangalie magonjwa tunayoyaona zaidi hapa kwetu.

KAMASI NA KIKOHOZI CHA BARIDI

Katika mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Likasi ni baridi sana na vumbi ni nyingi. Karibu watoto wote wanatoka kamasi. Kama tungewazuia wote, gardienne ingefungwa. Mtoto mwenye kamasi ao kikohozi kidogo, asiye na homa, anayecheza vizuri, anaweza kwenda. Mvike nguo ya joto, mpe kitambaa chake mwenyewe, umfundishe kukohoa ndani ya kiwiko cha mkono, si ndani ya viganja. Kamasi ya rangi ya kijani peke yake si sababu ya kumzuia, wala si sababu ya kununua antibiotiki sokoni.

Lakini kikohozi kinachomshika mtoto kwa nguvu mara nyingi mfululizo, mpaka uso unabadilika rangi, anavuta pumzi kwa sauti na kisha anatapika, kinaweza kuwa kifaduro (coqueluche). Huyo abaki na apelekwe kwa munganga. Akianza dawa, anangoja siku 5 mbele ya kurudi. Kama hakupata dawa, wengine wanaweza kuupata ugonjwa kwake kwa muda wa majuma 3. Ugonjwa huu ni wa hatari zaidi kwa mtoto mchanga wa miezi ya kwanza.

Na kikohozi kinachopita majuma mawili, kipimwe. Baba, neno hili ni lako vilevile. Mtoto mdogo anapata kifua kikuu mara nyingi kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani, si kutoka kwa watoto wenzake. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi ndani ya vumbi la mawe ana mapafu yanayoshikwa upesi na kifua kikuu. Kama wewe unakohoa majuma mawili, nenda kupimwa makohozi. Kwa kujipima wewe, unamlinda mtoto.

HOMA: DAWA YA ASUBUHI SI RUHUSA

Hapa ndipo tunakosa zaidi. Mtoto ana homa saa kumi na mbili, tunampa parasetamoli, homa inashuka, tunasema amepona, tunampeleka. Parasetamoli inafanya kazi saa nne ao sita tu. Ikifika saa ine ao saa sita, homa inarudi, na mtoto anaanza kutetemeka mbele ya Madamu ambaye hajui kitu. Baba yuko kazini, mama yuko soko, hakuna anayepatikana upesi. Parasetamoli inapunguza homa na maumivu. Haiponyeshi kilicholeta homa.

Kwa hiyo: mtoto mwenye joto la digrii 38 ao zaidi abaki nyumbani. Arudi akimaliza siku nzima, mchana na usiku, bila homa na bila dawa ya homa. Aspirini msimpe mtoto.

Lakini kubaki nyumbani si kulala na kungoja. Hapa kwetu kila homa ya mtoto ni malaria mpaka kipimo kiseme hapana. Malaria haitoki kwa mtoto kwenda kwa mwenzake kwa kucheza pamoja. Mbu ndiye anayeileta. Hatuogopi malaria juu ya gardienne, tunaiogopa juu ya mtoto mwenyewe, kwa maana inaweza kumwua kwa siku moja ao mbili. Mpelekeni akachomwe kidole, apimwe, siku ileile homa ilipoanza. Kama ni malaria, apewe dawa yote mpaka mwisho, hata akianza kucheza siku ya pili. Msibakize vidonge kwa ajili ya "mara ingine".

KUHARA NA KUTAPIKA

Mtoto aliyekwenda choo cha maji mara tatu ao zaidi kwa siku moja, ao anayetapika, asiende gardienne. Mikono ya watoto ni midogo, na choo cha gardienne ni kimoja. Arudi zikipita siku mbili nzima bila kuhara wala kutapika.

Likasi inajua kolera. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa mvua, ilishika watu wengi hapa kwetu na huko Lubumbashi. Choo kinachotoka kama maji ya mchele, kwa wingi, ni cha hatari ya saa, si ya siku: mbio kituo cha afya, na njiani mtoto aendelee kunywa.

Nyumbani, dawa ya kwanza ya kuhara ni maji yenye chumvi na sukari. Chukueni pakiti ya SRO, mfunguze ndani ya lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Angalisho: chupa kubwa ya bia haifiki lita moja! Pimeni kwa chupa mbili za nusu lita. Kama hakuna pakiti, tieni ndani ya lita moja vijiko 6 vya kahawa vya sukari na nusu ya kijiko cha kahawa cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa, si vya mlima. Mpeni kidogo kidogo kila mara. Akitapika, ngojeni dakika kumi, mwanze tena polepole. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe. Ombeni pia vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya. Vinapewa siku 10 hata 14.

Mtoto aendelee kunyonya na kula. Msimnyime uji wala bukari kwa kusema tumbo lipumzike. Na msimtie maji ya dawa nyuma kwa kile kipira: mtoto anayehara anapoteza maji, nanyi mnamwongezea hasara.

NGOZI NA MACHO

Si kila kipele kinamfungia mtoto nyumbani. Lakini homa pamoja na vipele ni alama ya kusimama. Mtoto huyo aonwe na munganga mbele ya kuonwa na wenzake.

Surua (rougeole) ndiyo tunayoiogopa zaidi. Inaanza kama mafua: homa, kamasi, kikohozi, macho mekundu yanayotoka machozi. Baada ya siku chache ndipo vipele vinatokea, kwanza nyuma ya masikio na usoni, kisha vinashuka mwilini. Ubaya wake ni huu: mtoto anaambukiza wengine tangu siku 4 mbele ya vipele, mpaka siku 4 baada ya vipele. Hata akitoka chumbani, ugonjwa unaweza kubaki ndani ya hewa karibu saa mbili. Kati ya watoto 10 wasiochanjwa wanaokaa karibu naye, 9 wanaweza kuupata.

Hakuna mzazi wa Congo anayepaswa kusahau miaka ya 2018 hata 2020. Surua ilipita katika nchi yote na kuua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano. Basi, mtoto mwenye homa, macho mekundu na kamasi kwa mara moja, msingoje vipele: mzuieni. Mwenye surua anapaswa kupata vitamini A kwa munganga, na anarudi gardienne siku 4 zikipita tangu vipele kutokea, kama ana nguvu.

Chanjo ya surua inapewa kwa miezi 9. Angalieni karta ya mtoto leo jioni. Kama fasi ya surua ni tupu, nendeni juma hili, na mumwulize mwuguzi juu ya chanjo ya mara ya pili.

Tetekuwanga (varicelle): malengelenge madogo yanayowasha. Arudi wakati yote yamekauka na kuwa magamba.

Mpox: homa, na malengelenge makubwa usoni, mikononi, hata ndani ya viganja na chini ya miguu. Mwaka 2024 ugonjwa huu ulitangazwa kuwa hatari kwa dunia yote, na Congo yetu ndiyo iliyopata wagonjwa wengi, watoto wengi kati yao. Mtoto huyo apelekwe kituo cha afya, asilale kitanda kimoja na wengine, asirudi mpaka magamba yote yameanguka na ngozi mpya imetokea. Msimfiche juu ya haya. Kuficha kunaongeza wagonjwa.

Upele wa kuwasha usiku (gale): watu wote wa nyumba wapake dawa siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji moto. Mtoto arudi siku inayofuata dawa ya kwanza.

Macho mekundu yenye usaha: abaki, aonwe na munganga, arudi usaha ukiisha. Kila mtu awe na kitambaa chake. Chawa na minyoo, kinyume chake, havimfungi mtoto nyumbani: mtibuni jioni, kesho aende.

ALAMA ZA HATARI

Mtoto aliyebaki nyumbani anapaswa kuangaliwa. Mkiona moja tu ya alama hizi, msingoje posti iishe wala mama arudi soko. Chukueni mtoto, nendeni:

– hawezi kunywa ao kunyonya;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– analala sana, haamki vizuri, ao hamtambui mama yake;
– anapumua mbio, ao ngozi chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi;
– choo kina damu;
– macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole;
– shingo imekuwa ngumu.

Kwa kupumua, chukueni saa, hesabuni dakika nzima wakati mtoto ametulia. Mtoto wa miezi 2 hata 11 akifika pumzi 50, na wa mwaka mmoja hata mitano akifika 40, anapumua mbio. Nendeni.

NANI ATABAKI NAYE?

Tunajua: wazazi wengi hawampeleki mtoto mgonjwa gardienne kwa kukosa akili. Wanampeleka kwa kukosa mtu. Kwa hiyo chaguo hili lisifanywe saa kumi na moja ya asubuhi, katika haraka. Lifanywe mbele, siku watoto wote wakiwa wazima.

Jumapili hii, bwana na bibi, kaeni mpange. Mtoto akiugua siku baba ana posti ya usiku, nani ataamka mchana? Nkambo akisafiri, ni jirani gani tunaweza kumwomba, nasi tumsaidie siku yake? Mama wa soko, nani atakushikia meza? Mahali pengine akina mama watatu ao wane wa njia moja wamepatana: leo mimi ninabaki, kesho wewe. Haigharimu hata franga moja.

Neno moja la nguvu: msimtoe masomoni dada mkubwa wa miaka tisa ao kumi kuwa mlinzi wa mgonjwa. Anapoteza masomo yake, na hawezi kutambua alama za hatari tulizoandika hapa juu.

Na wewe baba, kama umeacha mtoto katika hali mbaya, mwambie shefu wako mbele ya kuanza kazi. Si kwa kuomba huruma. Mtu ambaye mwili uko kazini na roho iko nyumbani anasahau kufunga mkanda, haoni gari inayorudi nyuma. Ajali nyingi zinaingia kwa mlango huo. Uliza pia mjumbe wako wa syndicat namna ya kuomba ruhusa, mbele ya siku ya haja kufika.

MWAMBIENI MADAMU UKWELI

Mtoto akibaki nyumbani, peleka habari kwa Madamu, na umwambie ugonjwa kama ulivyo. Ukisema "alisafiri" kumbe ana surua, umewanyima wazazi wengine nafasi ya kuangalia karta za chanjo na kuwalinda wachanga wao. Madamu naye asitangaze jina la mtoto mbele ya watu. Aseme tu kwamba kuna ugonjwa fulani katika chumba.

Mwachieni namba ya simu inayoita kweli, na jina la mtu wa pili anayeweza kuja kumchukua mtoto. Kama mtoto anapewa dawa, mwandikieni saa na kipimo kwenye karatasi. Na mkiitwa saa tatu kwamba mtoto amepata homa, msikasirike. Madamu hawafukuzi, anafanya kazi yake.

Turudi kwa wale wazazi wa asubuhi. Mtoto ana homa, hataki kuamka: swali la kwanza limekwisha kujibu. Asiende. Baba aende kazini akiisha kumwambia shefu. Mama amwombe jirani wa soko amshikie meza mpaka saa sita, ampeleke mtoto kupimwa damu asubuhi hii, karta ya chanjo mkononi. Nusu siku ya soko imepotea, ni kweli. Lakini jioni watajua mtoto anaumwa nini, atakuwa na dawa yake, na kule gardienne wenzake watakuwa wamecheza bila hatari.

Kateni ukurasa huu, muubandike ukutani karibu na karta ya mtoto. Asubuhi ya haraka, macho yatauona.